Mabati ya Debe Nyuma ya Flaiwili la Issa

Shemeji Issa,

Salamu za kukuuliza hali siandiki. Hali yako anaijua Yeye aliyekuita, na sisi huku kazi yetu ni kuiombea. Ya kwangu nitakwambia: mzima. Na unanijua, mimi nikisema mzima si uzima wa mchezo. Kikohozi chenyewe kikifika kona ya nyumba yangu hapa Nachingwea kinanusa, kinageuza, kinakwenda kwa jirani.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Sikumwendea karani wala katekista. Shule niliacha darasa la tatu, kweli, lakini niliacha kwa sababu mwalimu aliona nikiendelea atakosa cha kunifundisha. Najua hapo ungenijibu vile ulivyozoea: "Mwalimu yule siku uliyoondoka alichinja kuku." Nimekuandikia jibu lako mwenyewe, ujue kwamba hakuna hata kejeli yako moja iliyopotea. Ninazo zote.

Nikiimaliza nitamsomea dada yangu Somoe, mkeo, barazani kwenu Ruangwa, kisha nitaileta hapo ulipolala. Kwa hiyo mambo ya gari mengine nitayafafanua kama ninayemweleza mtu asiyeshika spana. Usinune. Wewe sikiliza tu, maana sasa unao muda.

Jambo kubwa nalitanguliza ili utulie: lori lako lipo Ruangwa, nyumbani kwako, na linatembea. Halikuuzwa, halikukatwakatwa. Msimu huu limebeba ufuta wa watu mpaka watu wamechoka kuvuna. Sasa keti nikueleze lilivyofika hapo, maana nusura lisifike.

Tulikuzika mvua zikiwa za mwisho mwisho. Mimi shemejio niliingia kaburini kukupokea, nikakutania kama inavyonipasa. Nilisema, "Leo ndiyo mara ya kwanza Issa kulala chini bila spana mkononi." Wachimbaji wakacheka, na mimi nikacheka, na maji ya mvua yakanisaidia usoni. Ndivyo ilivyokuwa.

Lori likabaki bandani. Klachi ilikuwa imeungua safari ile ya mwisho, ulipolirudisha kutoka Nanganga kwenye tope na homa yako. Mguu ulikuwa umechoka, ukalala juu ya pedali njia nzima, na klachi ikawa haishiki wala haiachi, inasagika tu. Ulifika. Ulizima injini, ukaingia ndani, hukutoka tena. Ile harufu ya klachi ilikaa ndani ya lori wiki kwa wiki. Somoe hakutaka mtu afungue mlango wa dereva. 

Arobaini ilipopita, wakaja ndugu zako kutoka Marambo, na mbele yao mpwa wako Selemani. Usimlaumu kijana. Kwa mila zetu Wamwera mpwa ndiye anayesimama mahali pa mjomba, na hilo mimi silibishi, kwani mimi mwenyewe ni mjomba wa watu na ninafaidi heshima yake. Selemani alisema kwa adabu kwamba lori lililosimama linaliwa na mchwa na kutu, bora alichukue, aligawe vipande, auze. Somoe alisema kwa adabu vilevile kwamba lori hilo ndilo shamba la watoto wake. Adabu ilikuwa nyingi mno barazani siku ile, hata pumzi ikawa shida.

Wazee wakakata shauri hivi. Ufuta ukianza kutoka, lori lipakie mzigo wake wa kwanza Ruangwa, lifike Nanganga kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa na bila kufungwa kamba. Likifika, libaki kwa Somoe. Likishindwa, basi ni chuma, na chuma akichukue Selemani.

Selemani akanigeukia. "Mjomba Athumani, mimi sina neno. Ila lori lile nalijua. Marehemu alikuwa akilisukuma kuliko alivyoliendesha."

Nikamwambia, "Mpwa, mimi nimefufua malori yaliyokuwa yameota uyoga kwenye viti. Siku ya ufuta vaa kanzu safi, utakaa mbele na mimi."

Nilisema hivyo kwa kifua kipana, na nilikuwa sijafungua hata boliti moja.

Sasa Somoe asikie vizuri hapa. Nyuma ya injini kuna gurudumu la chuma, zito, uso wake bapa kama sinia. Hilo ndilo flaiwili. Injini ikizunguka, nalo linazunguka. Pleti ya klachi inalikumbatia uso kwa uso, ndipo nguvu inapita kwenda kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedali wanaachana, ukiachia wanarudiana. Pleti ikiisha inabadilishwa, hapo hakuna fundi anayebisha. Wanachobishania mafundi ni ule uso wa flaiwili: je, kila ukiweka pleti mpya uupeleke kwenye mashine ukerezwe upya, au uufute kwa petroli, upige msasa, ufunge, uende zako?

Jambo hilo, shemeji, wewe na mimi tumelibishania tangu karakana ya ule mradi wa karanga hapa Nachingwea, wakati matrekta yalikuwa mengi kuliko mbuzi na kila asubuhi mtu analeta klachi iliyoungua kwenye visiki. Hapo ndipo ulipoanza kuja kwangu jioni kumalizia ubishi, ukamkuta Somoe anapepeta mtama, na tangu siku hiyo ukawa unabishana nami huku unatazama pembeni. Ningekuwa mtu wa kushindwa upesi, ungeoa wapi?

Wewe ulikuwa na neno lako moja: kereza. Pleti mpya, uso mpya. Ulisema pleti mpya ikikutana na uso wenye mawimbi itashika hapa na kuacha pale, na gari likiondoka litatetemeka kama mtu mwenye homa. Na mimi nilikuwa na langu: flaiwili si kichwa cha mtoto, kinyolewe kila kikiota nywele. Chuma ukikikata hakioti tena. Fundi wa kweli anapitisha ukucha wa dole gumba juu ya uso. Ukiteleza, anafunga. Ukikwama, ndipo anafikiri.

"Ukucha wako umejaa grisi," ulikuwa unaniambia. "Hata ukiupitisha kwenye ngazi utateleza."

Na ile safari ya Kiegei, klachi ilipotuungulia porini. Mimi nilikuwa nimeifunga bila kukereza, na wewe ukaanza hotuba yako barabarani, katikati ya vichaka. Simba akatoka. Akavuta ile harufu ya klachi, akapiga chafya, akarudi alikotoka. Miaka yote ulikuwa ukiwaambia watu alikuwa fisi. Shemeji, sasa huna mdomo wa kunibishia. Alikuwa simba, na alikuwa na mkewe.

Basi nikaenda Ruangwa na sanduku langu la spana na pleti mpya. Nilipoanza kutambaa chini kwenda kuishusha giaboksi, Somoe akatoka na kigoda, akaketi mlangoni mwa banda kama askari.

"Kaka, kabla hujaanza. Issa alikuwa anakereza."

"Najua. Alikuwa anakereza hata kisichohitaji. Ungemwachia sufuria zako angezikereza."

"Basi na wewe utakereza. Ukifunga bila kukereza, usiniambie umetengeneza lori la Issa. Litakuwa la Athumani, na la Athumani mimi silitaki."

Unamjua akisema hivyo. Nikaingia chini.

Nikaishusha giaboksi peke yangu, nimeilaza kifuani kama mtoto mchanga. Watu watatu huwa wanaihangaikia ile, lakini mimi kifua changu si cha kawaida. Nikatoa pleti yako: imekwisha, imebaki misumari. Nikautazama uso wa flaiwili. Sikuupenda. Ulikuwa na madoa ya buluu pale moto ulipouma, na nyufa nyembamba nyembamba, kama tope la kisima kilichokauka. Nikapitisha ukucha. Ulikwama. Nikapitisha tena kwa ukarimu zaidi. Ulikwama.

Nikasema moyoni, haya, Issa leo kashinda, nilipeleke likakerezwe. Nikafungua boliti, nikalivuta. Likaja jepesi. Nikalishika ukingo na kuupima kwa vidole: flaiwili lilikuwa limekonda, shemeji. Limekatwa, limekatwa, mpaka limebaki kama chapati ya mgeni wa tatu. Na pale nyuma, linapofungwa kwenye krenki ya injini, pakadondoka vitu. Vikaniangukia usoni.

Vilikuwa vipande vya bati la debe. Vimekatwa mviringo, vimetobolewa matundu ya boliti, vimepigwa msasa pembeni visikwaruze. Vitatu, kimoja juu ya mwenzake.

Nililala palepale chini ya lori, nimevishika, nikaelewa yote. Kila ulipolikereza, uso ulirudi nyuma kidogo, na pedali ikawa inashuka karibu kugusa sakafu ndipo klachi iachie. Ukakata bati, ukaliweka nyuma, ukalisogeza flaiwili mbele tena. Safari nyingine ukakereza tena, ukaongeza bati. Unapunguza mbele, unaongeza nyuma, kama fundi cherehani aliyekosea suruali ya shehe. Na hukuniambia. Miaka yote ile unanihubiria kereza, kereza, na nyuma ya flaiwili umeficha viraka. Ulijua ningejua, kuanzia Marambo mpaka Nanganga kila kijiji kingejua. Ni kweli, ningewaambia. Ningewaambia hata wapita njia.

Somoe akaniona nimetulia mno. "Umeumia?"

"Sijaumia. Njoo uone mumeo alivyokuwa anafanya kazi usiku na mchana."

Akavipokea. Akavigeuza. Kimoja kilikuwa bado na rangi nyekundu, na nusu ya jogoo imebaki, kichwa na shingo. Akakitazama jogoo yule muda mrefu.

"Hili ni debe langu la unga," akasema. "Lilipotea. Nilimnunia mke wa jirani masika yote kwa ajili ya debe hili." Akachukua la pili. "Na hili ni la samli. Hili nilimuuliza mwenyewe. Aliniambia panya wamelibeba."

"Panya wamebeba debe?"

"Alisema panya. Na mimi nikakubali."

Shemeji, akaanza kucheka. Alianza kidogo, mabegani, halafu kigoda kikaanguka. Tangu ulipoondoka hakuwa amecheka, nyumba yote ilikuwa inatembea kwa vidole, na sasa anacheka mpaka jirani yule aliyenuniwa akaja kuchungulia uani, naye akaonyeshwa debe, naye akaketi chini kucheka. Walishikana mikono wale wawili. Kisha kicheko cha Somoe kikageuka upande wa pili, akajifunika kanga usoni. Mimi nikarudi chini ya lori kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwangu.

Alipotulia akauliza, "Sasa hili halikerezeki?"

"Halikerezeki. Likikatwa tena, siku moja litapasuka likiwa mbioni, na vipande vitapita sakafuni kwenye miguu ya dereva."

"Basi utalifunga hivihivi."

"Nalo halifungiki hivihivi. Nyufa zimejaa. Pleti mpya itaruka, italiwa kabla hatujafika mlimani."

Akatazama nje. Kwa jirani walikuwa wameshaanza kupiga ufuta, unasikia fimbo zinavyolia juu ya turubai. Neno lako lilikuwa limegonga ukuta, na langu limegonga ukuta uleule. Nikafunga sanduku, nikasema naenda Nachingwea kutazama.

Ule uwanja wa nyuma, yanakolala malori ya karanga yaliyokufa, unaukumbuka. Msimamizi wake aliniruhusu bila maswali, kwa kuwa ananiheshimu, na pia kwa kuwa nilimpelekea viazi vya porini, ming'oko ya kuchemsha, kikapu kizima. Nilitafuta ndugu wa lori lako mpaka jua likanitoboa kichwa. Nilimpata mwisho kabisa, mtunguja umeota katikati ya injini, na kuku wa mtu anaatamia palipokuwa na betri. Nikamwomba kuku radhi, nikafungua. Flaiwili lake lilikuwa nene, zito, halijaguswa tangu litoke kiwandani. Kutu ilikuwa imelivaa, lakini chini ya kutu kulikuwa na chuma cha kweli.

Nikaliosha kwa mafuta ya taa, nikalisugua kwa msasa mpaka likaanza kunionyesha sura yangu. Nikapitisha ukucha. Ukateleza. Ukateleza. Halafu mahali pamoja tu, karibu na ukingo wa ndani, ukagusa kitu. Kidogo. Nikabadilisha mkono, nikajaribu ukucha wa kushoto, ambao hauna desturi ya kubisha. Nao ukagusa.

Hakuna aliyekuwa ananitazama ila kuku. Ningeweza kulifunga. Zamani nimefunga yenye makovu zaidi ya hapo, na yametembea, na ushahidi nitakupa. Lakini zamani lilikuwa lori la watu wengine, likitetemeka kidogo linatetemeka kwao. Hili lilikuwa na siku moja tu ya kujitetea. Na lile neno la Somoe, la Athumani mimi silitaki, lilikuwa linanipanda mgongoni kama siafu.

Nikalibeba hadi kwa Benedikti mkerezaji, yule bwana wa misheni aliyekukerezea mara zako zote. Aliponiona naingia na flaiwili begani aliweka chini kikombe chake.

"Athumani amekuja kukereza," akasema. "Ngojeni nifunge madirisha, mvua isije ikanyesha kiangazi."

"Punguza maneno, washa mashine. Liguse tu. Toa kutu na ule mkwaruzo mmoja, basi. Ukizidisha hapo nitakudai chuma changu."

Akalifunga kwenye mashine, akalizungusha, akalisogezea kisu taratibu. Chuma kikatoka chembamba kama ganda la kitunguu, kinajiviringa, kinaanguka. Harufu ile ya chuma kipya. Nilikuwa sijasimama karibu na mashine ile tangu tulipokuwa wote, wewe upande ule na mimi upande huu, tunatukanana juu ya kichwa cha Benedikti.

"Issa angesema niongeze kidogo," akasema Benedikti.

"Ndiyo maana leo umeletewa na mimi."

Alipomaliza, aliufuta uso kwa kitambaa chake safi, si kile cha grisi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kulifikisha Ruangwa nililifunga nyuma ya baiskeli. Baiskeli ikainua gurudumu la mbele, ikawa inataka kutembea kwa mguu mmoja kama kondoo dume anayetaka kupigana. Nimeendesha hivyo, gurudumu la mbele liko hewani, kutoka Nachingwea karibu mpaka Ruangwa. Waliokutana nami njiani wanaweza kusema nilikuwa nakokota. Wale walinikuta mlimani tu.

Nikaanza kufunga. Kwa kuwa Benedikti aliondoa ganda la kitunguu, uso ulirudi nyuma kwa ganda la kitunguu, na nikaona bati moja la debe lingerudisha pedali mahali pake. Nikamuuliza Somoe nichague lipi. Akaniletea lile la samli, amelisugua kwa majivu mpaka linang'aa.

"Weka hili," akasema. "La panya."

Nikaliweka. Matundu yako yalikaa juu ya boliti zangu bila kusukumwa. Hapo, shemeji, sikukutania. Ulikuwa na mkono.

Siku ya ufuta, Selemani alikuja kweli, na kanzu alivaa kweli. Magunia yakapakiwa mpaka springi zikalala. Watu wakajipanga kwa mbali, ile mbali ya watu wanaotaka kuona lakini hawataki kusukuma. Nilipokaa kwenye usukani, Somoe akaja na kikombe chako cha bati chenye mdomo wa buluu, kimejaa chai ya rangi hadi juu, akakiweka mbele ya kioo. Hakuna aliyemwambia. Ndivyo ulivyokuwa unafanya kila ukimaliza klachi: kikombe kimejaa, unaondoka taratibu mlimani, na chai ikimwagika unarudi nyumbani kushusha giaboksi upya hata kama ni siku ya Idi. Mimi nilikuwa nakucheka kwa hilo. Siku ile nilikitazama kikombe kile kama mtu anayetazama hakimu.

Tuliondoka Ruangwa vizuri, lakini tambarare si kipimo, hata mkokoteni unaweza tambarare. Tulipofika kwenye ule mpando wa mawe mekundu kabla ya Nanganga, katikati kabisa, Selemani akasema kwa sauti ndogo, "Simama hapa, mjomba. Marehemu alikuwa anasimama hapahapa kujaribu."

Alikuwa na haki. Nikasimama. Magunia yakasukuma nyuma, breki zikalia. Kijasho kikanitoka hapa kwenye sikio, na kwa kuwa wewe huwezi kusimulia, nakuandikia: niliogopa. Nikaingiza gia ya kwanza. Nikaanza kuiachia pedali, taratibu, taratibu, nikisubiri ile homa yako uliyonihubiria, ule mtetemo unaoanzia sakafuni na kupanda hadi kwenye meno.

Haikuja. Pleti ilishika kama mkono unavyoshika mkono. Lori likanyanyuka na kuondoka, polepole, mzigo wote ule, kama mzee anavyonyanyuka mkekani akiwa ameshiba. Chai ilicheza kidogo pembeni, ikazunguka ndani ya kikombe, ikatulia. Selemani hakutazama barabara hata mara moja. Alikuwa anatazama kikombe mpaka juu kabisa.

Juu, akakichukua. Nikadhani anataka kukikagua. Akakinywa.

"Imepoa," akasema. Akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu. Kisha akasema, "Basi. Libaki kwa mama."

Na tulipofika Nanganga ndiye aliyeruka wa kwanza kushusha magunia, na kanzu yake ile. Sasa anakuja kila wiki kutusaidia kupakia. Kijana mzuri. Anabisha kama wewe.

Habari nyingine ni njema. Wanao wananenepa. Wa kiume ameanza kunibishia, kwa hiyo nitajua mapema kama atakuwa fundi. Somoe na yule jirani sasa hawaachani, wanasukana nywele, wanapika pamoja, na kila mgeni akifika anasimuliwa habari za debe. Wanaisimulia vizuri kuliko mimi, jambo ambalo sikulitegemea. Lile banda tumeliezeka upya kwa nyasi za mwaka huu. Na mlango wa dereva unafunguliwa na kufungwa kama mlango mwingine wowote. Harufu imekwisha. Siku niliyogundua imekwisha nilikaa kidogo ndani peke yangu, halafu nikawasha injini.

Kuhusu ule ubishi wetu, utataka kujua nani kashinda. Ungeendelea na kereza yako, lingebaki bati tupu na madebe ya Somoe yote yangeisha. Ningeendelea na ukucha wangu, chai ingemwagika na lori lingekuwa Marambo, vipande vipande. Nimelifikiria sana jambo hili na nimeona nimeshinda mimi, lakini kwa ganda la kitunguu tu. Sehemu iliyobaki ni yako. Jirani alinisikia nikisema hivyo akaniuliza kama naumwa.

Basi shemeji, nakuaga, maana ufuta unanisubiri, na kalamu inanichosha kuliko giaboksi. Lala ulipolala. Dada yangu uliyenipa kazi ya kumtazama, namtazama, na zaidi ni yeye anayenitazama mimi. Nakuahidi hivi: pleti hii ikija kuisha, nitalishusha flaiwili mwenyewe, nitapitisha ukucha kwanza kwa heshima yangu, na ukigusa kitu hata kidogo nitalipeleka kwa Benedikti kwa heshima yako, likaguswe tu, lisikondeshwe. Na lile bati la samli halitoki. Nitakayemfundisha kazi hii, atafundishwa kwamba bati lile halitoki, na ataambiwa ni la nani.

Asubuhi nikiwasha lori pale uani, Somoe huwa jikoni. Injini ikishika, namsikia anawaambia watoto, "Amkeni, panya wa baba yenu wameshaamka."

Mimi shemejio,
Athumani